Shikamoo Iliyosikika

Mjukuu wangu Riziki,

Hapa Tezo hatujambo. Usicheke: nimemaliza shule juzi, lakini mamako ni mwana wa dada yangu, basi mimi ni bibi yako.

Unauliza kama daktari atakuondolea sauti. Yangu pia ilikwaruza, ikafifia. Jirani yetu Mzee Karisa akilalama, "Haamkii watu huyu!" Kumbe nilimwamkia kila siku.

Daktari alinitazama kooni kwa kioo kidogo, akaona kivimbe cha maji, si ugonjwa mbaya. Alikitoa nikiwa usingizini, akaniagiza ninyamaze mpaka nipone. Siku ya kuruhusiwa kusema, nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Karisa.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba! Polepole, mimi si kiziwi!"

Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Ukipona, njoo uniamkie. Nitakuitikia wasikie majirani.

Bibi yako,
Kadzo