Nimenyolewa kwa Ajili ya Mtu wa Redio

Jumatano, Busia. Jua limewaka tangu asubuhi kama limetumwa, na mimi limenipata vizuri kwa sababu kichwa changu hakina nywele hata moja. Nimekaa ndani, mlango umefungwa nusu. Ningesema nakimbia jua, lakini nani atanisadiki? Nakimbia watu.

Nina aibu.

Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko huu usichekwe. Mambo yalianza Jumamosi. Nilikuwa na kikombe cha uji mkononi wakati redio ilitangaza kwamba yule mpiga gitaa amefariki. Jina lake sina haja ya kuliandika, hapa mpakani hata mbuzi wanalijua. Mimi nilizoea kumwita Shemeji, maana marehemu mke wangu akisikia ile sauti alikuwa anaacha mboga inaungua. Nimemtukana huyo mwanamume miaka mingi kupitia ile redio. Wewe bwana, mwache mke wangu apike!

Basi uji ulinishinda. Nikalia. Mimi huyu, ambaye matangani ndiye nachekesha watu. Mimi niliyeuliza kwa mazishi ya jirani kama sanduku lina nafasi ya mke wake pia, kwa sababu huyo mama alikuwa hamwachi aende popote peke yake.

Redio ilipiga nyimbo zake mchana kutwa mpaka betri zikaanza kukoroma. Jumatatu walimzika, na tukaelezwa yote: magari, maua, wakubwa waliosimama kusema. Jana asubuhi nikaamka na kitu kimenikaa kifuani, nikaenda kwa kinyozi pale karibu na forodha.

Kwetu mzee hanyoi kichwa chote hivi hivi. Mtu akishazikwa, siku chache baadaye watu wa damu yake ndio wananyolewa. Ukikutana na kichwa cheupe barabarani unajua ile nyumba imepoteza mtu. Kinyozi anajua hivyo. Mimi pia najua, tena sana.

"Mzee, zote?"

"Zote."

Wembe ukasimama hewani. "Pole sana, mzee wangu. Nani ametuacha?"

"Shemeji," nikasema.

Nilikuwa na uchungu wa kweli, hilo nitaapa. Lakini mdomo wangu ukiona nafasi ya mzaha unaruka kabla sijaushika mkia. Kinyozi akakataa kulipwa. Mama wa chapati akaniita, akanifungia mbili kwa gazeti. "Kula, mzee, usibebe msiba na njaa." Nikala. Zilikuwa tamu, na hilo pia naona haya kuliandika.

Sasa kuna dada yangu mkubwa, Nabwire, aliyeolewa Marachi. Ana mtoto mmoja tu, Ouma, mtu mzima mwenye ndevu, taniboi, yule msaidizi wa dereva wa lori. Tangu wenye bunduki washike nchi ya ng'ambo, malori yanavuka pale Malaba na sisi wa huku tunabaki kuangalia ni yapi yanarudi. Lori la Ouma lilivuka kabla hatujapanda wimbi. Wimbi tumeshavuna. Hakuna barua, hakuna dereva, hakuna lori.

Nabwire alinituma mimi mwenye mdomo. Nenda Malaba, wewe unajuana na madereva, waulize. Nikasema nitakwenda Ijumaa. Ijumaa zimepita mpaka nimeona haya kuziita kwa jina. Moja nilikuwa na mgongo. Moja ilikuwa mvua. Moja nilisema kuku anaumwa, na kuku mwenyewe alikuwa juu ya paa akiwika.

Na hawa wauza samaki wa Osieko hawakai mahali pamoja. Mmoja aliniona jana nikitoka kwa kinyozi na kichwa kinang'aa, akaenda na kikapu chake mpaka soko la Butula, huko huko Marachi, akamkuta Nabwire. Pole, mama, nimeona ndugu yako amenyolewa.

Hakuambiwa zaidi. Zaidi alijijazia mwenyewe.

Leo nilikuwa nyuma ya nyumba namenya mihogo nikasikia kilio kinakuja kutoka barabarani. Sauti naijua tangu nikiwa nabebwa mgongoni. "Ouma! Ouma wangu! Wamekulaza wapi, baba?" Alikuwa ametembea tangu alfajiri, leso imefunguka inaburuta vumbi. Wanawake majirani wakatoka mbio na mikono kichwani, wakaanza kulia naye kabla ya kuuliza. Hivyo ndivyo tunavyosaidiana hapa, mtu halii peke yake.

Mimi nimesimama na kisu na muhogo.

Alipoona kichwa changu akaanguka, akanishika miguu. "Mtoto wa mama! Mbona hukuniita? Mmemzika bila mimi? Wewe umenyolewa na mimi mama yake nina nywele?"

Nikatupa muhogo, nikamwinamia.

"Dada, si Ouma. Habari ya Ouma sijaipata." Watu wote wanasikiliza. "Ni yule wa gitaa. Wa redio."

Jirani yangu Barasa, ambaye mimi naye kazi yetu ni kucheka, akatoa kicheko kidogo, halafu akakimeza kama mtu amekula mfupa. Mama mmoja akasema, "Huyu mzee, jamani!" akajifunga leso yake akaenda. Wengine wakamfuata. Afadhali wangenirushia mawe.

Nabwire alibaki amekaa kwenye vumbi. Nilingoja anipige, na ningemshukuru. Akaomba maji, nikamletea, akanywa yote. Halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya omena.

"Huyo wa redio, walimzika?"

"Walimzika, dada."

"Kwao?"

"Kwao, kando ya baba yake. Watu walijaa mpaka juu ya miti."

"Basi mama yake amepata bahati." Akafuta mdomo. "Na Malaba walisema nini?"

Nilitazama kile kisu.

"Sijakwenda."

"Hata Ijumaa ile ya kuku?"

"Hata hiyo."

Alinyoosha mkono akanipapasa kichwa, polepole, kutoka utosini mpaka kisogoni, kama anatafuta mahali kilipopasuka. Halafu akaingia ndani akalala kwenye kitanda changu. Bado yuko pale. Namsikia anageuka.

Nimejaribu kujidanganya tangu mchana. Kwamba nililia kwa sababu ya mke wangu na mboga zake. Iko kweli kidogo hapo. Kwamba nilizeeka pamoja na ile sauti, na ikinyamaza hiyo, mimi ni nani niendelee kuongea. Iko kweli hapo pia.

Lakini Ouma alikuwa anapiga mluzi wimbo mmoja wa yule bwana akiosha magurudumu. Vibaya sana. Ule mwisho unaopanda hakuwahi kuupata hata siku moja, na mimi nilikuwa namwambia aache, ataharibu breki za lori. Jumamosi redio ilipopiga wimbo huo, ukafika mahali pa kupanda na ukapanda vizuri, sawasawa, hapo ndipo kikombe kilinitoka mkononi.

Nilijua Jumamosi ile ile ninamlilia nani.

Mtu mkubwa akifa, kifo chake kinakujia kimeshapikwa. Kuna mtu wa kutangaza kwa sauti safi, kuna kaburi na mahali lilipo, kuna nyimbo. Hutumwi kuuliza chochote. Wewe unaambiwa tu, sasa lia, na nchi nzima inalia nawe, hakuna atakayekutazama vibaya. Cha kwetu hakina mtangazaji. Cha kwetu lazima mtu aamke aende Malaba, asimame kwenye foleni ya malori, aulize dereva mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao anaweza kujibu.

Hilo jibu ndilo mgongo wangu. Ndilo mvua. Ndilo kuku.

Kwa hiyo nikachukua machozi ya Ouma nikayaweka juu ya kaburi la mtu mwingine, nikanyoa na kichwa, nikala na chapati. Nimemnyolea kijana wa watu kabla sijauliza kama amekufa. Tena nimemtangulia mama yake.

Sasa hivi ameita kutoka ndani. Anasema kesho tunakwenda wote wawili, na kwamba yeye atatembea nyuma yangu, ili mgongo ukinishika aone umenishika wapi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kesho ni Alhamisi. Sijawahi kuwa na ugonjwa wa Alhamisi.

Nina kofia nzuri, imening'inia hapo kwenye msumari, na mkono umeshaifuata mara mbili. Nitaiacha. Madereva wakitazama kichwa hiki wakiniuliza nani amekufa, nitawaambia sijui, nimekuja kuwauliza ninyi.