Mihogo Iliyong'olewa Mbele ya Watu

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Mama je, ameacha kuficha dawa chini ya mto? Mimi ni mzima, ila viganja vimejaa malengelenge ya jembe. Nakuandikia kukushukuru, jambo ambalo najua litakukera.

Kwenye ule mkutano wa getini kwetu nawe ulikuwepo, lakini hujui nilivyouona mimi. Majirani walikuja kwenye kituo chetu cha utafiti wakitaka mihogo yetu ya majaribio, ile iliyobadilishwa vinasaba ili ihimili ugonjwa wa michirizi, ing'olewe siku hiyohiyo. Siwalaumu. Walikuwa wameambiwa kwamba anayeila hazai. Mkuu wa kituo aliwaeleza kwamba maua tunayakata kabla hayajachanua, na kwamba hata buti tunaziosha tusije tukatoka na kitu. Hakuna aliyemsikiliza. Nilipokuona nyuma ya watu umeshika kiuno, nikajua leo nimekwisha. Si wewe uliyekuwa ukiiita kazi yangu mchezo wa watoto wenye makoti meupe?

Ukasema mihogo hiyo huiamini hata kidogo, na ndiyo maana unataka ijaribiwe mpaka mwisho. Ukawakumbusha kwamba michirizi haijulikani kwa majani. Shamba la Mama lilistawi mpaka wapita njia wakalisifu, na siku ya kuvuna tukakuta mihogo yote imeoza ndani. Wakiing'oa hii ikiwa michanga, ukasema, hakuna atakayejua lolote. Kisha ukanigeukia na kuniamuru tuing'oe ikikomaa, hadharani, na tukificha hata mmoja utakuja kulifunga geti kwa mikono yako. Watu wakacheka, mkuu akakubali. Uliondoka bila kuniaga, lakini bila wewe, Dada, kazi yetu yote ingeishia pale.

Basi jana tumeing'oa, na majirani walijaa tele. Nikueleze kwanza kwamba safu zetu, kila moja na aina yake ya mihogo, tunazipa majina, maana namba za kwenye vibao hazina utamu. Mimi kipenzi changu kilikuwa Bwana Harusi, mashina yamenyooka, majani yanang'aa. Nilijigamba nayo mpaka wenzangu wakanichoka. Nikaupasua muhogo wa kwanza, kahawia tupu. Wa pili vilevile. Machozi yalinitoka mbele ya umati, sikufichi. Muuza mboga mmoja akanishika bega, akasema afadhali umeozea humu kuliko shambani kwake.

Safu nyingi nyingine zilikuwa na madoa. Mwisho tukafika pembeni, kwenye ile tuliyokuwa tukiicheka kwa kujipindapinda. Nikapasua, mweupe. Nikapasua mwingine, mweupe. Tukaimaliza safu nzima bila kuona doa, na wale waliokuja kupiga kelele wakaanza kuuliza maswali wote kwa pamoja. Nilitamani kumpelekea Mama japo mmoja auone, lakini sheria hairuhusu kitu kutoka nje ya uzio. Tuliifukia yote, tukabakiza vipando vya kurudia jaribio msimu ujao. Kama ni salama kuliwa, hilo bado linachunguzwa, kwa hiyo usianze kunigombeza.

Sasa nikwambie jambo, na usinune. Ile safu iliyojipinda, jina lake tangu mwanzo ni Dada Mkubwa. Niliipa mimi, siku moja niliyokuwa nimekukasirikia, kwa sababu tuliifunga kwenye miti inyooke na ikakataa katakata. Jana muuza mboga aliuliza jina hilo limetoka wapi. Nikamwambia ni la yule mama wa getini, ndiye dada yangu. Akasema basi hashangai.

Mpe Mama salamu zangu, umwambie shamba lake asiliuze. Wanao nawabusu wote. Nawe tafadhali uje tena msimu ujao, uje usituamini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba