Jina Nililolikataa Mbele ya Wakwe

Minza mwanangu,

Safari hii usiniamkie. Shikamoo yako sistahili kuiitikia.

Binti yako Milembe amejifungua mtoto wa kiume. Analia kama mtu anayeswaga ng'ombe. Ungempenda. Lakini nimejitia aibu, mimi bibi yake mwenyewe, na sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka ulivyomzaa huyo Milembe. Damu ilikataa kukata, tukakubeba hadi Busisi, tukakaa ukingoni mwa ziwa tunasubiri kivuko kije tukupeleke mjini. Ukaniuliza, "Mama, kinaonekana?" Nikakwambia kinakuja. Kilikuwa bado hakijatoka Kigongo, ng'ambo ya pili.

Basi Milembe naye damu ikawa vile vile. Lakini sasa kuna kituo cha afya hapa hapa kwetu, kina chumba cha upasuaji na damu ya kumwongezea mtu. Wakamwingiza. Mimi nikakaa kwenye benchi nje, na akili yangu yote ilikuwa inasubiri kivuko. Nesi akatoka akaniambia wako salama wote wawili. Nikamuuliza tunavuka saa ngapi. Akanishika mkono, akanipeleka kwao.

Kituo hicho kilijengwa enzi za rais mmoja aliyekuja wewe ukiwa umeshalala kaburini. Kwa hiyo Milembe na mumewe wakataka mtoto aitwe jina lake. Wakwe wamejaa sebuleni, uji umemiminwa, na mimi kwa mdomo wangu huu nikasema mtoto wa ukoo wetu hapewi jina la mtu aliyeshindwa.

Nikueleze. Enzi zake ndipo chama chetu, alichokiongoza yeye, kilipopoteza jimbo hili. Mimi niliyepikia mikutano, niliyepiga vigelegele hadi sauti ikakauka! Walioshinda walipita mlangoni kwangu na matawi, wanacheza, mmoja akageuka akanitingishia kiuno. Tangu siku ile nilimpima rais yule kwa kiuno kile. Angekuwa mtu wa maana, nilisema, tusingeaibika.

Milembe alimfunika mtoto, akasema polepole, "Bibi, samahani. Kwani kura ndizo zilizonizuia damu?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama mkwe wake akasema basi, watatafuta jina jingine, kwa sababu bibi ni bibi. Heshima ile ilinichoma kuliko tusi. Nikachukua kikapu changu nikaondoka, uji sikuugusa.

Njiani ukanijia wewe, ukiwa mdogo, siku ya ngoma kule Bujora. Mjomba wako na kundi lake walicheza na majembe, wanayarusha wanayadaka, jua kali. Upande wa pili wakamleta mtu na chatu shingoni. Watu wote wakahama, na kwa kuwa anayevuta watu wengi ndiye mshindi, mjomba wako akashindwa. Walimzomea. Na kundi lile lile ndilo lililotulimia shamba mwaka aliokufa baba yako, bila kudai hata kibuyu cha pombe. Ukanivuta kanga ukaniuliza, "Mama, mbona waliotulimia ndio wameshindwa?" Nami nikawageukia waliokuwa wanazomea, nikawauliza chatu atawalimia lini. Nilijivuna miaka mingi kwa neno lile.

Leo aliyekimbilia chatu ni mimi. Mzee mzima.

Sisemi rais yule alikuwa malaika. Mbolea ilichelewa enzi zake kama enzi za wengine, na mdomo wa kulisema hilo ninao. Lakini nilikaa kwenye lile benchi, Minza. Nilikaa, nikasahau kabla kidonda cha Milembe hakijapona.

Jumapili wanamtoa mtoto nje na kumpa jina. Nakuahidi nitakwenda. Nitawaomba radhi wakwe wakiwa wamekaa vile vile walivyokaa, si pembeni, si kwa kumtuma mtu. Halafu nitambeba na kumwita jina lile kwa sauti yangu hii ya kukemea, hadi majirani wasikie. Leo nimelijaribu jikoni. Mara ya kwanza lilinikwama. Mara ya pili kuku wakakimbia.

Nisamehe na kile kivuko. Nilikuona unapoa, nikasema kinakuja.

Lala, mwanangu. Binti yako hakusubiri.

Mama yako.