Kicheko Mbele ya Picha ya Baba

Ritha, acha unachofanya unisome. Nimejiaibisha.

Si unaijua tovuti ya duka letu hapa Kariakoo, niliyoitengeneza mwenyewe? Leo nimeipa AI, nikaiambia iichambe bila huruma, itufurahishe. Wateja walikuwa wamejaa, nami nawasomea kwa sauti kama mtangazaji.

Ikasema rangi zetu ni za sare ya harusi iliyovunjika. Watu hoi. Mimi hoi.

Halafu ikafika kwenye picha ya baba. Ile yenye shada la maua tunalovisha picha za marehemu wetu, ile ile iliyoko ukutani dukani.

“Na huyu mzee wa maua ameshinda uchaguzi wa wapi? Uso wenyewe, hata mkewe hakumpa kura!”

Duka zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Ritha. NIMECHEKA.

Kugeuka, mama huyu hapa nyuma yangu, na udi wa kufukizia picha ya baba mkononi.

“Nani kasema hayo, Hiral?”

Nikamwambia ni mashine tu, mama, haimjui baba.

“Sawa, mashine haimjui. Wewe unamjua, na umecheka.”