Kamanda Aliyezomewa

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Bibi yako mzima, na mpunga tumevuna. Eti wakufunzi wako huko chuo cha jeshi wanasema katika vita vijavyo mashine zitaamua, afisa atatii tu? Nakataa!

Nikiwa sungusungu kijana kule Samuye, tulisikia mwano, yowe la kuomba msaada ambalo kila mwanamume hulikimbilia. Kamanda wetu Masanja akatuzuia zizini.

“Mwoga! Kavae kitenge!” tukamzomea.

“Zomeeni. Mbona anayelia hataji kwake?”

Waliolia walikuwa wezi. Wenzao walipokuja kuchukua ng'ombe, walitukuta tumesimama, wakatimka.

Adui wa kesho ataghushi hata sauti ya jenerali wako, na mashine itaiamini. Wewe uliza kwanza. Wakikuzomea, waache wazomee, usiondoke zizini.

Babu yako,
Kahama