Mlio Aliouficha Abdulatif

Mchafukoge, Dar es Salaam
9 Juni 2024

Kwako somo yangu Bi Mgeni,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu na upepo wa Bagamoyo umekufaa kuliko joto letu. Mimi mwari wako ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu huisikii, na ujumbe najua wajukuu ndio wanaokusomea. Haya ya leo si ya wajukuu. Bahasha nampa Rogath, konda wa basi la asubuhi, akuletee mkononi.

Somo, leo ni wiki ya saba tangu unifunde na kuniacha mlangoni kwa mume wangu. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi. Abdulatif akirudi kutoka Kariakoo huniita kuanzia ngazi ya kwanza mpaka ghorofa ya tatu, hata jirani ameanza kuitika kwa niaba yangu. Kutwa nzima anauza spika na kuzijaribu mbele ya wateja, anarudi amechoka, lakini anataka nimsimulie siku yangu yote, hata bei ya nazi. Nikikohoa tu chumbani, yeye yuko jikoni anauliza, "Vipi, laazizi?" Siku nyingine nakohoa makusudi.

Sasa nikuambie lililonikondesha. Wiki ya tatu ya ndoa alinionyesha uvimbe mahali ambapo ni wewe tu naweza kukutajia, kwenye korodani. Haukuwa unamuuma. Nilimlazimisha aende hospitali, wakampasua wakaitoa korodani hiyo, na majibu yamekuja kuwa ni saratani.

Daktari wetu ni mwanamke, Daktari Hyasinta. Anasema saratani ya aina hii wengi huipona wakipata dawa yake kamili: dripu siku tano mfululizo, kisha mapumziko, hivyo mara tatu. Lakini dawa hiyo hiyo inaweza kuharibu masikio, na yakiharibika hayarudi. Kwa hiyo kabla ya kuanza walimuingiza kwenye kijumba kisicho na sauti, akawa anabonyeza kitufe kila anaposikia mlio. Aliisikia yote. Tumeambiwa akae mbali na kelele, anywe maji mengi, asichomwe sindano popote bila daktari kujua, na masikio yakianza kulia aseme siku hiyo hiyo.

Dukani tumesema alipasuliwa ngiri. Dripu inaanza tarehe kumi na saba. Nimeolewa juzi tu, somo. Naogopa.

Mwari wako,
Badria


Bagamoyo
16 Juni 2024

Mwari wangu Badria,

Marahaba, mwanangu. Magoti yapo, yananikumbusha umri wangu kila nikitaka kuinuka. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimejifungia chooni, maana hapa hata ukikunja karatasi watu wanauliza.

Huyo jirani anayekuitikia mtazame vizuri.

Usilie mbele yake. Mgonjwa huusoma uso wa mkewe kabla ya kusoma cheti cha hospitali. Mpe uji, mpe maji, mchekeshe. Na kumbuka nilichokufundisha siku zile saba za ndani: mke ni nguo ya mumewe, na nguo haitangazi kovu ililolifunika. Mmesema ngiri, basi ni ngiri. Hata mama mkwe asijue zaidi. Akikuambia neno chumbani, lifie humo humo. Ndoa nyingi nimeziona zikivunjika kwa ulimi, sijaona iliyovunjika kwa kunyamaza.

Nakuombea kila sala.

Somo yako,
Mgeni


Mchafukoge
21 Julai 2024

Somo yangu,

Shikamoo. Hali yangu siwezi kusema ni njema, na yako naiombea.

Dripu mbili zimepita. Nywele zimemtoka, na kwa kweli bado ni mzuri, kichwa kimekaa kama cha mtoto. Nilimfanyia kila ulichosema. Lakini Jumatano alipatwa na homa. Hospitali walituambia homa ikija tukimbie kwao hata iwe saa ngapi. Yeye akakataa. Alisema wakimlaza, watu wa dukani watakuja kumtazama na kuuliza ni ngiri gani hii isiyoisha. Akaenda zahanati moja nyuma ya soko, hakutaja saratani wala dripu, wakamwandikia jentamaisini, sindano za siku tano. Leo amechomwa ya nne. Nimeiona kadi yake.

Tangu juzi masikio yanamlia. Anasema ni kama friji kuukuu inayounguruma ndani ya kichwa, na juu yake filimbi nyembamba isiyokatika. Somo, nakohoa chumbani na hakuna anayeniuliza. Jana nilimwita kwa nyuma mara tatu anapiga pasi, hakugeuka.

Nikamwambia, "Tumwambie daktari."

Akasema, "Hapana. Nilimuuliza masikio yakilia wanafanyaje. Akasema wanapima, na ikibidi wanabadili dawa."

"Si vizuri?"

"Badria, dawa hii ndiyo inayoponyesha. Bila masikio nitaishi. Bila dawa siishi. Unataka mume anayesikia aliyeko kaburini?"

Akanishika mkono akaniapisha kwa jina la Mungu kwamba sitasema. Nikaapa, kwa sababu alikuwa analia, na sikuwahi kumwona akilia.

Dripu ya tatu ni tarehe ishirini na tisa. Nimeapa kwa Mungu, na wewe umenifundisha neno la chumbani lifie chumbani. Nikisema, namvua nguo mume wangu. Nisiposema, sijui ninamwacha apotelewe na nini. Nijibu kabla ya siku hiyo, nakuomba kwa mapenzi ya Mtume.

Mwari wako,
Badria


Mchafukoge
26 Julai 2024

Somo yangu Bi Mgeni,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Rogath anasema bahasha aliiacha kwa mjukuu wako mlangoni. Kila basi la Bagamoyo likiingia naenda kuuliza, sasa mpigadebe ananitania, "Dada, bwana gani huyo wa Bagamoyo?"

Homa ilitulia siku mbili ikarudi. Zahanati wamempa sindano tano nyingine. Leo mpangaji mwenzetu alimsalimia, akajibu "Elfu thelathini," kadhani anaulizwa bei ya spika. Mwenzetu akacheka. Abdulatif naye akacheka, kisha akaingia ndani akakaa kitandani na viatu.

Jumatatu ndiyo dripu. Niandikie hata mstari mmoja.

Badria wako


Bagamoyo
27 Julai 2024

Badria mwanangu,

Nilikuwa msibani Mlingotini siku sita, bahasha nimeikuta leo juu ya kabati. Namtuma mjukuu mwenyewe na barua hii, ahakikishe amekupa mkononi.

Hujawahi kuniuliza kwa nini sisikii. Watu hudhani ni uzee. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nikaugua kifua kikuu, nikawa nachomwa sindano kila siku. Mwezi wa pili masikio yakaanza kulia. Muuguzi aliuliza kila asubuhi, "Mama, kuna tatizo lolote?" Nikajibu kila asubuhi, "Sina, nashukuru." Niliogopa watanikatishia dawa, na nililelewa kwamba mwanamke havumi kwa kulalamika. Kifua kilipona. Sauti ya mwanangu wa mwisho sijawahi kuisikia ilivyo. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba kama ningesema wiki ile ya kwanza, wangenibadilishia sindano.

Niliwafundisha wari arobaini na kitu kusitiri, lakini nusu ya fundisho hilo sikuwapa. Kumsitiri mume ni kumficha na macho ya watu. Anayemtibu hayumo katika watu hao. Wewe hukunielewa vibaya, ni mimi niliyekufundisha vibaya.

Kiapo kina kafara yake: lisha maskini kumi, ukishindwa funga siku tatu. Masikio hayana kafara. Nenda kwa daktari, na kadi ile ya zahanati uichukue.

Somo yako,
Mgeni


Mchafukoge
25 Agosti 2024

Somo yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya cha mwezi mzima. Sikutaka kukuandikia habari nusu.

Jumatatu ile, tulipofika hospitali kwa dripu, nilimwambia Abdulatif naenda msalani, nikamfuata Daktari Hyasinta kwenye ujia. Nilimpa kadi. Aliisoma, uso ukabadilika.

Akaniuliza, "Ana homa sasa hivi?"

"Ana homa."

"Na masikio?"

Nikasema yote, nikakaa sakafuni kwenye ujia wa hospitali na baibui langu jipya.

Daktari hakumtaja mtu. Alimwambia Abdulatif tu kwamba damu yake haimridhishi. Wakamlaza siku sita, zile sindano zikasimamishwa siku hiyo hiyo, akapewa dawa nyingine ya homa isiyogusa masikio. Wakampima tena kwenye kile kijumba. Somo, safari hii nilikuwa namtazama kupitia kioo. Mashine inapiga, naye kidole kimetulia juu ya kitufe, anasubiri, ananitabasamia.

Milio ya juu imeondoka na haitarudi. Ya chini, inayobeba maneno ya watu, ilikuwa bado ipo. Daktari alisema sindano ile na dripu, zikikutana kwenye mwili mmoja, zinasaidiana kubomoa. Nilimuuliza kama kuna dawa ya kuyakinga masikio. Akanijibu kwamba ipo moja wanayopewa watoto wenye baadhi ya saratani, kwa watu wazima bado wanaichunguza, na yeye hawezi kuniapia kwa kitu asichokijua. Kwa mtu mzima, alisema, kinga aliyo nayo mkononi ni kupima mapema na kuambiwa mapema.

Na ile dawa hakuibadili. Dripu ya tatu aliiahirisha wiki moja, ikapita polepole na maji mengi zaidi, na duka la spika likapigwa marufuku. Ilikwisha tarehe tisa. Kafara ya kiapo nimeilipa, tulipika pilau na jirani, maskini kumi wakala, Abdulatif hakuuliza ni ya nini.

Lakini hofu haijaisha. Tumeambiwa dripu ikikoma dawa haiondoki mwilini mara moja, masikio yanaweza kuendelea kupungua kwa miezi. Kesho tunarudi kwenye kijumba. Mpaka hapo nimeagizwa kila alasiri nisimame nyuma yake hatua tatu, nimnong'oneze maneno, naye ayarudie. Nasema "mbaazi," anasema "mbaazi." Nasema "mume mzuri," anasema "sijasikia, rudia."

Leo kabla hatujaanza alinishukuru. Alisema, "Umenitunzia siri, Badria. Mashine ndizo zilizonichongea, si wewe." Sikuweza kumtazama. Nilisimama nyuma ya kiti chake, hatua tatu, nikanong'ona, "Ni mimi niliyemwambia daktari."

Hakurudia.

Nilisimama pale nikaogopa kwa njia mbili. Kama amesikia, nimempoteza. Kama hakusikia, amepoteza masikio. Na sikujua niombe lipi, somo, mimi ninayempenda kuliko roho yangu. Chini mtaani mlio wa mkokoteni ulipita ukaisha. Shingo yake haikusogea.

Kisha akasema, bila kugeuka, "Hilo silirudii. Sema jingine."

Akanyoosha mkono nyuma ya kiti, kiganja juu. Niliushika. Ulikuwa wa baridi kama wangu.

Mwari wako,
Badria