Nukta Nyekundu Mgongoni mwa Vinyonga

Mzee wangu Kibwana,

Shikamoo. Kumwamkia mtu asiyeitika kunauma, lakini umenifundisha kazi miaka sita, siwezi kuanza vingine.

Ofisini nimebaki peke yangu. Wenzetu wamepunguzwa kazi, chai nachemsha ya kikombe kimoja. Siku hizi kila kitu ruksa, hata wanyama wanauzwa nje kwa kibali. Gari la mnunuzi linapanda Kinole kila wiki, na wanakijiji wanampelekea vinyonga kwenye vikapu. Hao hao waliokuwa wakitukimbia, wakisema tunafuga uchawi!

Kibali kimetokana na hesabu yetu ya vinyonga. Tuliwakamata alfajiri, tukawatia mgongoni nukta ya rangi ya kucha ya mkeo, tukawaachia. Mwezi ukipita tunakamata tena. Wenye nukta wakiwa wachache kati ya tuliowakamata, basi msituni wamejaa. Mama Rehema alikuwa akigomba, "Vinyonga wako wanapendeza kuliko mimi!" Nawe unacheka mpaka unakohoa.

Mzee, tulikosea. Ulipokuwa umelazwa, niliokota chini ya mgomba ngozi kavu aliyojivua kinyonga. Nukta yetu nyekundu ilikuwa juu yake. Kumbe walikuwa wakizivua alama zetu, sisi tukiwakamata tena tunawaona wageni. Hawakuwa wengi vile.

Nilikuja wodini nayo mfukoni. Ukaniuliza, "Haya, wamejaa?" Nikasema wamejaa. Ulifurahi! Ningekuambiaje? Siku ya tatu ukafa, nami nikanyamaza, nikijidai nalinda jina lako. Nilikuwa naogopa tu. Sina wa kumwambia haya, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Jana nimezunguka Kinole asubuhi nzima. Nimeona kinyonga mmoja.

Kesho napeleka kwa wakubwa barua ya kusahihisha hesabu, na nimeandika humo kwamba nilijua. Mama Rehema nitamwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Akinifukuza, nitarudi siku ya pili. Halafu nitahesabu upya, safari hii nikikamata tena baada ya siku chache tu, kabla hawajajivua.

Pumzika, mzee wangu. Nakukumbuka mno. Kosa la rangi tutagawana. La kunyamaza niachie mimi.

Mwanafunzi wako,
Flora